Haki Yangu ya Joto la Ghorofa ya Chini

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Jengo,
Ofisi iliyo chini ya ngazi.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUZUIWA KWA JOTO LILILOKUWA LIKINIFIKIA KWA MIAKA KUMI NA MOJA

Natumaini u mzima, na kwamba ofisi yako, ambayo haina dirisha na kwa hiyo haina baridi, inaendelea kukufaa. Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia wa ghorofa ya pili. Mwaka jana nilikuandikia kuhusu kipandio cha saba cha ngazi, ambacho ni kifupi kuliko wenzake. Sikupata jibu, nami sijaanguka, kwa hiyo tuliache hilo.

Wiki tatu zilizopita kamati yako iliwataka wapangaji wote wapunguze upotevu wa joto nyumbani mwao. Mama mshonaji wa ghorofa ya kwanza aliitikia wito huo upesi kuliko ilivyo kawaida ya jengo hili. Alimwita yule fundi anayejulikana kwa jina la Kiraka, naye akamjazia dari yote mabunda ya sufi ya kuzuia joto, akayafunika kwa mbao, kisha akaziba nyufa za madirisha kwa utepe wa mpira. Kazi ilikuwa safi. Nasema hivyo kwa masikitiko, kwa kuwa kazi mbovu ingeniokoa.

Tangu siku hiyo sakafu yangu ina ubaridi wa sakafu ya bucha. Binti yangu, ambaye ni muuguzi na hana subira na wagonjwa wasiokubali kwamba wanaumwa, alinishika magoti akasema, "Baba, nikija mwisho wa mwezi nikakuta nyumba bado iko hivi, unahamia kwangu, na sitaki mjadala." Huko kwake nimetengewa kitanda cha juu katika chumba cha wajukuu watatu. Nina umri wa miaka sabini na miwili. Sikutarajia kupanda cheo kwa njia hiyo.

Naleta basi malalamiko yangu kwa mpangilio.

1. Joto hupanda. Haya si maoni yangu. Nimeyafundisha kwa miaka thelathini na minne, wala hakuna mwanafunzi aliyeyapinga, ingawa wengi waliyalalia. Joto la mama mshonaji lilikuwa likipanda kwangu bila mimi kuliita wala kulivuta. Watu wakikatiza kiwanja chako kwa miaka kumi na moja nawe unawatazama tu, hapo pameshakuwa njia. Sioni kwa nini joto lihukumiwe kwa sheria nyingine.

2. Kwa kuamini uhalali wa hali hiyo, nilipanga nyumba yangu kuifuata. Kitanda changu kiko juu ya jiko lake. Meza yangu ya kusomea iko juu ya meza yake ya kupigia pasi. Viatu vyangu viko juu ya kabati lake, mahali pasipotoa joto lolote, kwa sababu viatu havilalamiki. Nimeambatisha mchoro wa rangi mbili.

3. Jumanne na Ijumaa ni siku zake za pasi. Hizo ndizo zilizokuwa siku zangu za kuoga na kunyoa ndevu. Sasa hazina tofauti na Jumatano. Juzi nilioga Jumapili, kwa hasira.

4. Nilishuka kumweleza haya kwa adabu zote. Nilimkuta amevaa blauzi ya mikono mifupi, katikati ya msimu wa baridi, na jiko limezimwa. Alinieleza kwamba siku hizi huliwasha asubuhi tu na chumba hukaa na joto hadi jioni. Kisha akaniuliza, macho yakiwa bado kwenye mshono, "Kwani Mwalimu, dari yangu ndiyo ilikuwa jiko lako?" Nilimjibu kwamba ndiyo, na kwamba ameliweka vizuri kuliko nilivyokuwa nimejiandaa kuliweka mimi. Alicheka mpaka ikabidi atoe pini mdomoni. Ndugu Mwenyekiti, kile ambacho kamati yako inakiita matumizi bora ya nishati ni joto langu lililofungiwa ndani.

5. Sufi haizuii joto peke yake. Cherehani yake ndiyo iliyokuwa saa yangu: ikianza ni saa mbili, ikinyamaza ni wakati wa kula. Redio yake ndiyo iliyonipa habari. Juma lililopita mvua ilinikuta nimeanika mashuka, mvua ambayo jengo zima lilikuwa na taarifa zake tangu asubuhi. Siku iliyofuata nilijikuta nimesimama katikati ya chumba nikingoja cherehani ianze, na sikuweza kuamua kama ninachokosa ni saa au ni kitu kingine. Hilo siliingizi katika madai, kwa kuwa halipimiki.

6. Tukimruhusu kila mtu abaki na joto lake, kesho mwenye taa atapaka rangi kioo cha mlango ili mwanga wake usimfae mpita ngazi. Mwenye kukaanga vitunguu ataizuia harufu, na sisi wa mkate mkavu tutaula mkavu kwelikweli. Jengo litakuwa rundo la makasha, kila kasha na mtu wake aliyepata joto la kutosha, asiyejua kama wa juu yake bado yu hai. Na kamati itapongezwa.

Kwa hiyo naomba sufi hiyo iondolewe. Hilo likiwa zito, basi likatwe tundu lenye upana wa kikaango juu ya meza ya pasi, duara nimelichora. Nalo likishindikana, mama mshonaji aamriwe kupiga pasi kila siku, ziwepo nguo zisiwepo. Nimefikiria pia kutandika zulia na kuziba madirisha yangu mwenyewe, nikalikataa wazo hilo, kwa kuwa lingehalalisha kosa.

Nisalimie wajumbe wote, pamoja na yule anayesinzia vikaoni. Msalimie mkeo, na mlinzi wa lango, ambaye kibanda chake sasa kina joto kuliko kwangu.

Ni mimi, niliyevaa soksi jozi tatu,
Mwalimu mstaafu, ghorofa ya pili, mlango wa kushoto.

Tanbihi: Baada ya kutia sahihi nimekumbuka kwamba karani wa posta wa ghorofa ya tatu, aliyezoea kushinda nyumbani na fulana, wiki hizi tatu anavaa sweta. Joto hupanda. Maana yake kwa miaka kumi na moja mtu huyo amekuwa akiota joto langu bila hata salamu. Nasikia Kiraka alibakiza mabunda ya sufi. Naomba yawekwe kwenye dari yangu kabla karani hajasoma lalamiko la kwanza.

Barua hii nimeiandikia mezani kwa mama mshonaji, mahali pekee ambapo vidole vyangu vinashika kalamu. Ameisoma huku akipiga pasi. "Miaka yote hiyo uko juu ya kichwa changu, Mwalimu," amesema, "na ngazi hukuiona?" Ameniambia nije kila siku, mradi nije na kiti changu. Binti yangu nimeshampa taarifa, naye amesema kitanda cha juu kirudishwe kwa mwenyewe. Tafadhali barua isomwe yote kikaoni, kwa sauti, lakini isitekelezwe, isipokuwa lile la kipandio cha saba, ambacho sasa nitakipita na kiti mkononi.