Malalamiko Yako Yamepokelewa

Jumatatu, 4 Machi

Mtihani wa kozi ya kompyuta Ijumaa! Natakiwa kutengeneza mfumo wa kupokea malalamiko, wenye ngazi tatu: ukurasa anaouona mtu, seva inayopokea, hifadhidata inayotunza. Nikifeli, narudi kuwa karani kwenye ghala la shemeji. Kumwita bosi mtu niliyemfundisha kufunga tai! Ukurasa wangu safi. Seva inaitikia. Hifadhidata imenifungia mlango.

Jumanne, 5 Machi

Mfumo wa fundi cherehani, jirani yangu darasani, unafanya kazi. Mama wa watu kagusa kompyuta mwaka jana tu! Akanieleza, bila kuulizwa, kwamba seva yangu inaitafuta hifadhidata kwenye anwani isiyo yake; nibadilishe mstari mmoja. Nikamjibu kwamba nimebishana na wahariri wa magazeti miaka ishirini, sifundishwi kusoma mstari. Akasema, "Sawa, kaka." Hiyo sawa inaniuma mpaka sasa.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata! Seva ihangaike kuiuliza hifadhidata ya nini, na majibu ninayo mimi? Nimeandika malalamiko kumi humohumo ndani ya seva. Atakayetuma lolote ataambiwa limepokelewa. Atakayetaka kuyaona yote ataonyeshwa kumi yangu. Mke wangu kauliza: anayoyatuma mtu yanakwenda wapi? Nikamwomba asinikatishe. Moyo unanienda mbio. Furaha, nadhani.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeijaribu seva mara arobaini, imejibu mara arobaini. Kasoro ndogo: kati ya malalamiko kumi, saba yanamhusu mwalimu. Siwezi kuandika vuguvugu! Nitayabadilisha nikimaliza kuchagua rangi ya kitufe.

Ijumaa, 8 Machi

Rangi ilichukua siku nzima.

Mwalimu akaketi kwenye kompyuta yangu, akaandika kwamba choo cha pili hakina maji. Limepokelewa! Akataka kuyaona yote. Choo hakikuwemo. Yeye alikuwemo: eti anafundisha kama anayesoma tangazo la msiba. Akayasoma yote saba, kwa sauti ileile.

"Mzee, haya yametunzwa wapi?"

Kwenye hifadhidata, nikasema. Akaizima hifadhidata. Malalamiko yakabaki palepale, yakinitazama. Jasho mpaka kwenye soksi.

"Utarudia Jumatatu," akasema. "Mara ya mwisho."

Fundi cherehani akaninong'oneza tena: mstari mmoja, kaka.

Jumamosi, 9 Machi

Shemeji kapiga simu. Meza yangu iko tayari, karibu na mizani. Mke wangu naye kashika wimbo wa mstari mmoja, sijui wameambiana lini na fundi. Wote hawana maono! Nimefuta kila kitu. Sasa ubonyeze popote, unasoma: Mfumo uko kwenye matengenezo. Tafadhali jaribu tena baadaye.

Mwalimu atabisha nini? Nimesimama kwenye foleni za kila ofisi nikiambiwa hivyohivyo, na sijamwona bado aliyebisha.