Mpiganaji Mzee wa Joakimu Bura

Jumatatu, 3 Agosti 1987

Siku kubwa!

Bwana Morisi, fundi Mkanada wa kombaini za kuvunia ngano hapa shambani kwetu, anarudi kwao Jumapili. Anaacha sanduku la mchezo. Kwa atakayesoma shajara hii nikishakuwa maarufu, nieleze. Mchezo ni wa mezani: karatasi, penseli, na dadu lenye nyuso ishirini. Kila mtu anajifanya mhusika fulani. Mmoja ni msimulizi. Yeye ndiye husema mmeingia pango gani na mmekutana na nini, na wote humsikiliza. Kitabu kina jamii nne za wahusika: mpiganaji, mchawi, kasisi na mwizi. Tumecheza kila Jumamosi mwaka mzima. Nimekufa mara thelathini na moja.

Atakayepewa sanduku ndiye atakuwa msimulizi. Sharti: kufikia Jumamosi alete mhusika mpya, aliyebadilishwa kutoka jamii mojawapo kati ya hizo nne, na awe wa haki. Yaani akiwa na nguvu hapa, awe na udhaifu pale, asiwamalizie wenzake utamu. Tunashindana wawili, mimi na Yahaya, karani wa mizani. Waamuzi ni nesi Bernadina wa zahanati na Mzee Akonaay, dereva wa kombaini.

Nalitaka sanduku hilo kuliko kitu chochote. Miaka sita mimi ni msaidizi wa stoo ya vipuri, na hakuna mtu amewahi kunisikiliza dakika mbili bila kuuliza kama mikanda ya mashine imefika.

Jumanne, 4 Agosti

Nimetunga! Mpiganaji wa Kombaini. Anafyeka maadui kumi na wawili kwa zamu moja, na hachoki. Udhaifu wake: hajui kuogelea.

Nilimpelekea Bwana Morisi saa ya chai. Alisoma, akakunjua ramani ya mchezo, akaniuliza mto uko wapi. Hakuna mto. Nilijua hakuna, nilikagua jana kwa rula. Yahaya alikuwa anachungulia begani kwangu, kama kawaida yake. Akasema hata yeye angependa kuwa dhaifu namna hiyo.

Nikabadilisha papo hapo: haogopi lolote ila nyangumi. Bwana Morisi alicheka mpaka chai ikamwagikia bomba la haidroliki. Akasema kwa upole nijaribu tena, udhaifu uwe wa kweli, unaouma.

Wivu mtupu. Lakini mtu mkubwa hukubali kurudia kazi.

Jumatano, 5 Agosti

Nimepata! Leo nimejivunia kichwa changu kuliko siku ya kipaimara.

Nilipita mizani saa nne. Yahaya na dereva wa trekta walikuwa wameshikana mashati kwa ajili ya tela la ngano, huyu anasema limejaa, yule anasema bado. Yahaya amekunja ngumi, ameiinua. Mara akatokea Mzee Akonaay. Wote wawili wakaganda. Shikamoo mzee, shikamoo mzee! Na Mzee Akonaay alikuwa anatafuna muhindi wa kuchoma. Hakuitikia mpaka alipomaliza upande mmoja. Muda wote huo ngumi ya Yahaya ilikuwa hewani, haina kazi.

Nilirudi stoo mbio. Nikaandika: Mpiganaji Mzee. Adui yeyote mdogo wake lazima amwamkie shikamoo kabla ya kumpiga, na hawezi kumpiga mpaka aitikiwe marahaba. Mpiganaji Mzee huitikia anapopenda. Hapendi. Wakati adui anasubiri, yeye anapiga rungu.

Na udhaifu upo, wa kweli kabisa! Naye lazima amwamkie aliyemzidi umri, na asubiri marahaba vilevile. Kanuni moja inakata pande zote mbili. Haki tupu. Umri wake nimeweka sabini na tisa. Kwa ujanja nilimuuliza Bwana Morisi, kana kwamba napiga soga tu, mazimwi ya pangoni huishi miaka mingapi. Akasema arobaini hivi. Nikaondoka nikipiga mluzi.

Alhamisi, 6 Agosti

Mchana nilimjaribu Mpiganaji Mzee zahanati, na Bernadina akicheza upande wa mazimwi. Mapambano matano, ushindi mara tano, bila mkwaruzo. Mazimwi yake yalipanga foleni, yakaamkia, yakafa.

Nilingoja pongezi. Badala yake Bernadina aliweka dadu chini akasema huyu si mzee, huyu ni mtu asiye na adabu. Mzee anayeamkiwa akanyamaza ni aibu kwa ukoo mzima. Akapendekeza Mpiganaji Mzee alazimike kuitikia zamu moja ikipita. Hapo, akasema, atakuwa na nguvu ya kutosha na wenzake nao watapata cha kufanya.

Nilimshukuru kwa ushauri. Kurudi stoo, nikaongeza umri hadi tisini na tisa, kwa usalama zaidi.

Pia nimepeleleza karatasi ya Yahaya. Mwizi Karani! Anafungua kufuli lolote, ila funguo zake hulia akitembea, maadui wakamsikia. Ni hayo tu. Kitu kidogo, cha kawaida, cha kusikitisha. Nilimnong'oneza kwamba Bwana Morisi anachukia sana wezi. Akanikumbusha kwamba Bwana Morisi mwenyewe, alipokuwa akicheza kwao, alichagua mwizi kila mara.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimenakili Mpiganaji Mzee kwa kaboni, nakala tatu, zote na muhuri wa stoo. Nimeondoa vichujio vya mafuta kwenye rafu ya katikati ili sanduku lipate mahali pa heshima. Mkuu wa stoo alikuta vichujio sakafuni na kunisema mbele ya mafundi. Haidhuru. Kuanzia kesho nitakuwa msimulizi.

Usiku huu nimejizoeza sauti nzito. Jirani amegonga ukuta.

Jumamosi, 8 Agosti

Niandike kwa utaratibu, kama mwanamume.

Tulikutana kantini ya karakana saa nane. Bwana Morisi msimulizi, mimi Mpiganaji Mzee, Yahaya Mwizi Karani, tunaingia pango moja. Waamuzi kando. Yakatoka mazimwi nane. Yote yakaniamkia! Nikanyamaza. Nikapiga rungu. Madereva wa zamu wakaacha chai zao wakaja kuzunguka meza. Walikuwa wananisikiliza mimi, mimi Joakimu, na hakuna hata mmoja aliyetaja mikanda. Nilisikia joto kifuani. Ningeweza kuimba. Yahaya hakuwa amerusha dadu hata mara moja, amekaa tu anachonga penseli.

Chumba cha mwisho: joka, limelalia dhahabu. Nikainua rungu langu la kufikirika na kungoja shikamoo.

Hapo Mzee Akonaay akakohoa. Kwa heshima zote akauliza hilo joka lina umri gani.

Bwana Morisi akafungua kitabu. Akafuatisha mstari kwa kidole. Miaka mia nne.

Dereva mmoja akasema taratibu, basi mwamkie, kaka. Nilitazama huku na huku. Nikasema kitabu cha Wazungu hakijui kuhesabu miaka. Mzee Akonaay akasema kanuni ni yangu, nimeiandika mwenyewe, na ina muhuri.

Nikaliamkia joka. Shikamoo.

Joka halikuitikia. Bwana Morisi akasema linanitazama tu. Zamu ya kwanza likanichoma. Siruhusiwi kupiga, nasubiri marahaba. Zamu ya pili likanichoma. Zamu ya tatu nilikufa nikiwa nimeinamisha kichwa kwa adabu. Mara ya thelathini na mbili. Wakati joka linashughulika na mimi, funguo za Yahaya zililia mpaka kwenye dhahabu na kurudi, na hakuna aliyezisikia.

Sanduku amepewa Yahaya. Waamuzi hawakusita hata kidogo. Nilitaka kulia. Nilisema moshi wa jikoni umeniingia machoni.

Jumapili, 9 Agosti

Bwana Morisi ameondoka na Landrova baada ya misa. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akasema hajawahi kucheka vile tangu afike hapa Hanang. Nimelichukua kuwa sifa.

Saa kumi alibisha hodi Yahaya, sanduku kwapani. Kaka Joakimu, habari za Jumapili. Akasema kila mtu anamtaka Mpiganaji Mzee. Mzee Akonaay ameshamchagua awe mhusika wake, na madereva watatu wanagombania nakala za kaboni. Yahaya anaona haifai mtu mmoja kukalia usimulizi. Tupokezane, Jumamosi moja yeye, Jumamosi moja mimi, na nianze mimi Jumamosi ya wiki hii. Kitu kimoja tu: nikubali lile rekebisho dogo la nesi Bernadina, mzee aitikie zamu moja ikipita.

Moyo uliruka. Nakiri uliruka. Usimulizi, wiki hii, mlangoni kwangu!

Lakini rekebisho! Kwenye kazi yangu! Nikaona hii ndiyo nafasi ya kumwonyesha kwamba kanuni yangu inafanya kazi hata nje ya karatasi. Sikumjibu. Nilimkazia macho na kunyamaza. Yahaya akasimama, anasubiri. Nikahesabu moyoni: zamu ya kwanza, zamu ya pili. Ameganda! Zamu ya tatu akasema haya kaka, kama hutaki siyo lazima, nitasimulia mwenyewe. Akageuka, akaenda na sanduku.

Kupitia dirishani nimemwona akiingia kwa Mzee Akonaay. Bernadina naye ameingia. Madereva wameingia na viti vyao, hawawezi kungoja Jumamosi. Wanacheka tangu saa kumi na moja, na mmoja ametoa shikamoo kwa sauti ya zimwi.

Mimi nimebaki mezani, nimetafakari kwa kina na bila kujionea huruma ni wapi nilikosea. Nimepaona. Nimefuta tisini na tisa kwa raba, pale penye umri, nikaandika mia nne na moja.