Yowe la Kilimani Kisaka

Jumanne, 8 Aprili

Tumefika Kisaka. Walimu watano, likizo ya siku nne, kupanda vilima na kutazama wanyama. Mvua. Matope hadi kwenye soksi. Mkuu wetu wa shule, Mama Christina, ametangaza kwamba atakayeona wanyama wengi ndiye atakayekuwa mlezi wa klabu ya wanyamapori. Nafasi yangu hiyo! Nimeitamani tangu nihamishiwe Mara kutoka Singida, mwaka na nusu sasa. Tatizo ni Anselm wa Baiolojia. Kaja na darubini. Hata mwenyeji wetu, Bibi Mokami, amempa kiti chenye mto. Mimi nimepewa kigoda.

Jumatano, 9 Aprili

Anselm: pongo wawili, tai mmoja, ngedere kumi na mmoja. Mimi: pimbi mmoja. Nilidai ni wawili, mmoja aliingia pangoni, mwingine akatoka. Mama Christina akaandika mmoja.

Nina wivu. Nakiri humu kwa kuwa hakuna anayesoma. Nilimwomba Anselm aniazime darubini, akanipa papo hapo, tena akanionyesha kwamba nimeishika kinyume. Mtu mwenye roho nzuri kiasi hicho lazima ana lake jambo.

Alhamisi, 10 Aprili, asubuhi

Mpango! Anselm anawapeleka wenzetu mwambani kuona mbuzi mawe, wale swala wadogo warukao juu ya miamba. Mimi nimesingizia tumbo. Nitazunguka kwa nyuma, nijifiche, nipige yowe moja tu. Mbuzi mawe watatimka, naye ataandika sifuri.

Alhamisi, mchana

Yowe nilipiga. Mbuzi mawe walitimka. Kisha likajibiwa na yowe kutoka ng'ambo. Jingine bondeni. Muda si mrefu nimezungukwa na wanaume kama arobaini, wanahema, mikuki na mishale mikononi. Kumbe huku yowe maana yake ng'ombe wameibwa! Hakuna aliyeniambia. Bibi Mokami anasema aliniambia juzi, nikiwa nanung'unikia kigoda.

Nilimwamkia mkubwa wao, Mzee Mogesi, shikamoo. Hakuitikia. Akauliza wezi wamepita wapi. Nikanyoosha kidole, sijui kwa nini, na vijana wakatoka mbio. Akauliza ng'ombe wa rangi gani. Nikasema kahawia. Ng'ombe wake wa kahawia walikuwa nyuma yake wanakula majani.

Anayepiga yowe la uongo huitwa mbele ya wazee wote, na kijijini hakanyagi tena. Ndipo Anselm akatokea, akasema kwa upole, "Mzee, mwenzangu huyu ameona chui. Alikuwa anawaonea huruma ndama wako."

Vijana wakarudi. Wamekuta nyayo za chui, mbichi, kule kule nilikoonyesha.

"Marahaba," akasema Mzee Mogesi.

Ijumaa, 11 Aprili

Mama Christina ameamua kwamba chui mmoja anazidi ngedere wote. Mlezi wa klabu ni mimi! Anselm alikuwa wa kwanza kunipongeza.

Furaha yangu ilidumu hadi chai ya saa kumi. Mzee Mogesi alikuja kutuaga, akampa Anselm fimbo yake mwenyewe, nyeusi, imeng'aa kwa kushikwa. Eti kwa sababu anajua kusema na watu. Na mimi je? Ni nani aliyemwona yule chui?

Kesho tunaondoka. Anselm akienda kuoga, fimbo ile itahamia chini ya begi langu. Akitaka kupiga yowe, shauri yake.