Steringi Wawili Kwenye Kabati la Vyombo

Jumamosi, 3 Mei 2025

Nimepata! Mnadani Mtinko, kwenye rundo la midoli la Ziada, muuza mitumba, chini ya bata asiye na shingo. Watu wawili wa plastiki, kimo cha kiganja. Nyayoni wamegongwa mhuri: 1984. Niliwatambua palepale. Ni wa ile filamu ya vita vya angani tuliyoitazama utotoni kwenye banda la video mpaka mkanda ukakatika. Mmoja steringi, mwenye joho la buluu, upanga hana. Mwingine adui, mwenye pembe moja. Nikajikaza nisicheke. Ziada akasema nichukue tu, kaka Mrisho, iwe nyongeza ya koti la mtoto. Masikini, hajui!

Nyumbani nikawaweka kwenye kabati la vyombo. Glasi za wageni zikahamia jikoni. Mke wangu Radhia akauliza, mtu mzima na midoli wapi na wapi. Si midoli! Ni sanamu za filamu. Akacheka sana, kisha akaona glasi zake, hakucheka tena.

Tumekubaliana hivi. Ijumaa anapita Nathan wa Dodoma, mkusanyaji wa sanamu kama hizi niliyemfahamu kwenye kundi la simu. Akisema hata sanamu moja ni ya kutunzwa, rafu ya juu ni yangu daima. Asiposema, wote anapewa mjukuu wetu Hana awatafune. Hana anaota meno.

Jumapili, 4 Mei

Nimesoma kwenye simu kutwa. Kumbe mambo ni mengi! Rangi iwe ileile ya kiwandani. Viungo visilegee. Kaupanga kadogo kama njiti ya kiberiti kanaweza kutafutwa zaidi kuliko mwenye upanga, kwa sababu ndiko kalikopotea chini ya makochi ya dunia nzima. Na boksi! Sanamu iliyobaki ndani ya boksi lake bila kufunguliwa ndiyo mfalme. Nimewaza sana jambo hili. Mtoto gani alinunuliwa mdoli mwaka ule asiufungue? Alikuwa na shida gani? Ningependa kumjua.

Mimi boksi sina. Ila dukani nauza mafuta ya alizeti, makatoni ninayo tele. Nimekata moja, nikalichora nyota. Limependeza. Linanukia chapati kidogo.

Jumanne, 6 Mei

Gerald, fundi simu wa mlango wa pili, naye ana steringi! Alimkuta kwenye droo ya meza aliyonunua. Na wa kwake ana upanga. Nilikosa raha asubuhi nzima. Mchana akaja mwenyewe, akasema jirani, nipe huyo wa pembe, uchukue steringi na upanga wake.

Nilimtazama usoni nione kama anaumwa. Nani anamtaka adui? Kule bandani adui akishauawa tulikuwa tunavaa ndala na kuondoka. Steringi hafi! Kila mtoto alitaka kuwa yeye. Nikabadilishana upesi kabla Gerald hajazinduka. Nilimhurumia, kwa kweli.

Ijumaa, 9 Mei

Nathan kaja. Mpole, ana miwani, alinawa mikono kabla ya kugusa chochote. Nikampa shikamoo ingawa tunalingana. Akawatazama steringi wangu wawili, akaguna. Akaeleza taratibu kwamba hawa wapo tele, hata upanga hausaidii. Kila mtoto alimtaka steringi, basi kiwanda kikawamwaga kama mahindi. Adui hakununuliwa. Walitengenezwa wachache, na wengi wao wakarudishwa kiwandani wakayeyushwa. Akauliza kama nimewahi kumwona mwenye pembe moja. Nikaangalia chai yangu.

Hapo Gerald akapiga hodi, shati limepigwa pasi, adui mkononi. Nathan akampokea adui kama anapokea kichanga. Akasema huyu ni wa kutunzwa. Alisema! Ndani ya sebule yangu! Nikamwambia Radhia sharti limetimia, hatukusema sanamu iwe ya nani. Yeye tayari alikuwa anarudisha glasi. Boksi langu Nathan alilinusa, akacheka mpaka akavua miwani. Roho imeniuma. Jioni Hana alishaanza kumtafuna steringi, joho na yote.

Jumamosi, 10 Mei

Nimeshajifunza. Thamani ni adui! Basi. Asubuhi na mapema nilikuwa Mtinko, na Gerald alikuja nyuma yangu. Ziada alikuwa amefungua robota jipya la mitumba. Juu kabisa: steringi ndani ya boksi lake, halijafunguliwa, nailoni ya mbele bado imebana. Nikamsogeza pembeni. Steringi tena! Na boksi? Ushamba. Nathan mwenyewe alilicheka langu. Nikachimba hadi chini, nikamtoa adui. Pembe hana. Kichwa pia hana, ila nimemjua kwa mabega.

Gerald akaliokota lile boksi, akalipa bila hata kuomba apunguziwe. Nilimhurumia, kwa kweli.

Adui wangu nimemficha ndani ya birika la wageni. Rafu itarudi tu, kikipatikana kichwa.