Sura ya Wahunzi Iliyosevu Bila Kusevu

Leo nimeaibika, tena nikiwa nimekaa kitini na kikombe cha chai mkononi.

Wengi mnajua najitolea na wenzangu wa mtandaoni kutengeneza mfumo wa faili, yaani programu inayopanga kazi zako ndani ya diski. Ni wa bure, na yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuurekebisha. Mimi ugonjwa wangu ni kasi. Wiki iliyopita dada mmoja wa kundi letu aliyakataa marekebisho yangu. "Yanakimbia, lakini umeme ukikatika kazi ya mtu inapotea." Nikamwita mwoga. (Mbele ya kundi zima. Mdomo huu.)

Kwa hasira nikayaweka kwenye kompyuta ya jirani yangu hapa Sumbawanga, Mwalimu mstaafu anayekusanya maneno ya Kifipa yanayosahaulika. Kompyuta ni kuukuu, betri ilishakufa, na kusevu kulikuwa kunamchosha. Nikaifanya imjibu hapo hapo kwamba imesevu, wakati kazi bado haijafika kwenye diski. Itaandikwa baadaye, ikipata nafasi.

Leo asubuhi nikapita kuona.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Siku hizi inakwenda mbio kweli."

Kichwa kikavimba. Alikuwa anachapa sura ya wahunzi: majina ya tanuru, mivukuto, aina za udongo. Aliyaandika kwa mkono akisimuliwa na mzee mmoja wa Ilemba.

Alipomaliza, ikamjibu kwamba imesevu. "Karatasi hizi bado nizitunze?"

"Za nini, Mwalimu? Ikisema imesevu, imesevu."

Baridi ya mwezi wa saba mnaijua. Jiko la mkaa miguuni petu lilikuwa linataka kuzimika. Akatia karatasi moja, halafu nyingine, mpaka zikaisha. Mimi ndiye niliyekuwa napuliza. (Kwa bidii, maana nilikuwa nasikia baridi.)

Saa nne umeme ukakatika.

Uliporudi nikaiwasha kwa mbwembwe. Faili lipo, jina lake lipo, ndani hamna hata herufi. Nikazima, nikawasha tena. Nikajifanya natafuta mahali pengine, jasho linanitoka.

"Iliniambia imesevu," Mwalimu akasema taratibu.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kumbe haijasevu."

"Ndiyo."

"Nani aliifundisha kusema hivyo?"

Mkewe, aliyekuwa anachambua maharage, akaacha kuchambua akaniangalia. Laiti angenitukana.

Nikajikaza nikasema kesho nakodi bodaboda, twende Ilemba, mzee atusimulie upya. Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu.

"Tulimzika mwezi wa tano," akasema.

Naombeni msinicheke. Na kama kwenu kuna babu aliyewahi kufua chuma, mkamuulize leo, mniandikie kwa kalamu.