Jua la Pauni Elfu Thelathini na Nane

Jumatatu, 3 Machi
Nimetia sahihi. Nyumba imerudi rehani. Pauni 38,000, miaka kumi na miwili, 351 kwa mwezi. Siku kumi na tisa tu tangu tumalize deni la kwanza! Barua ya mwisho ya benki Glenys aliitia kwenye fremu na kuitundika ukumbini, kama cheti cha ubatizo. Naye ametia sahihi yake leo, kwa mkono wa mtu anayepokea maiti. Akauliza kama nakumbuka kwamba Septemba anatimiza sitini na anaacha kazi ya jiko la shule. Nakumbuka sana! Chumba cha vioo cha kuotea jua, tutakachojenga nyuma kwa mkopo huu, kitapandisha bei ya nyumba kwa 45,000. Faida 7,000. Akachukua kalamu, akazidisha 351 mara 144, akapata 50,544. Akasema hesabu yako ina tundu, mume wangu. Nikamweleza kwamba riba haihesabiwi, maana inalipwa kidogo kidogo. Akaenda kumenya viazi.

Jumamosi, 8 Machi
Chanzo ni jirani Hebblethwaite. Chumba chake cha vioo alikijenga mwaka jana kwa fedha za shangazi aliyekufa. Za shangazi! Mimi nilianza na ndoo na mwiko, nikabandika vigae kwenye nusu ya mabafu ya mji wetu huu wa Rotherham. Magoti yangu ni shahidi. Yeye kashinda mle tangu asubuhi na kofia ya ukindu kichwani. Machi hii! Akainua kikombe juu ya ua: "Karibuni muote jua, Norman. Si lazima kila mtu awe na lake." Nikamjibu ahsante, letu linakuja Mei, na ni refu kuliko lako kwa nusu mita. Akasema kwa Rotherham hiyo ni nusu mita ya mawingu. Glenys akacheka. Nimeliweka moyoni.

Jumatano, 19 Machi
Fomu ya watu wa maji. Je, mahali pa kujenga pana chemba ya maji taka? Ipo, katikati kabisa, na bomba lake tunachangia na Hebblethwaite. Ukijibu ndiyo, anakuja mhandisi kutazama mfuniko. Ada: pauni 412. Kutazama mfuniko! Ningekuwa nalipwa hivyo kwa kutazama, leo ningekuwa bwanyenye. Nimeandika: Hapana. Fundi wa vioo akauliza ule mfuniko wa chuma ni wa nini. Nikasema kisima cha zamani, kwa sauti, hata Hebblethwaite akasikia ng'ambo ya ua. Akasema mzee wangu, kisima hakinuki hivyo. Nikampa biskuti mbili.

Jumapili, 11 Mei
Kimekamilika! Vigae 64, vyote kwa mikono yangu, kimoja juu ya chemba moja kwa moja. Sindano haipiti. Tuliwaalika akina Hebblethwaite kwa chai. Walifika, wakatazama, wakasifu keki. Baadaye yeye akasema ni pazuri, panamkumbusha kituo cha basi. Mkewe akamkanyaga mguu. Nilimwona.

Jumatatu, 30 Juni
Nje nyuzi 29, ndani 41. Siagi imekuwa mchuzi. Mshumaa umeinama kama mzee wa kanisa. Nilikaa humo saa moja na dakika kumi na blanketi magotini, kwa kuwa Hebblethwaite alikuwa anatazama. Glenys alileta maji, akarudi kivulini. Choo cha chini kinanguruma. Joto tu.

Alhamisi, 3 Julai
Si joto. Choo kimerudisha maji taka. Chetu na cha Hebblethwaite, saa ile ile. Watu wa maji wakaingiza kamera kwenye bomba, wakafuata ishara yake bustanini, wakavuka mlango, wakasimama chini ya kiti changu. Vigae 21 vimevunjwa! Kwa nyundo! Bili 2,300, kisha 412 zile zile, kisha faini. Mhandisi akauliza, kwa adabu iliyoniudhi, ni nani aliyejibu "Hapana". Hebblethwaite alisimama mlangoni na mabuti ya mpira: "Kisima kimefurika, Norman?" Glenys alimwomba radhi. Yeye! Kwa choo changu!

Jumatano, 9 Julai
Mthamini kaja. Nikamwonyesha urefu, vioo vya tabaka mbili, kazi ya vigae vilivyosalia. Akanusa. Akasema shimo lile haliruhusiwi kuzibwa, lazima libaki na mfuniko wa kufunguka, na nyumba sasa ina thamani pungufu kwa 6,000 kuliko Februari. Nikamuuliza kama anajua kutoa. Akasema anajua sana, ndiyo kazi yake.
Jioni Glenys alipiga simu shuleni, amenipa mgongo. Akawaambia haachi kazi Septemba. Miaka miwili zaidi, ikiwezekana. Akawashukuru. Kisha akachukua ufumaji wake, akavuka kwenda kwa Hebblethwaite, akaketi kwenye chumba chao. Namwona hapa nilipo, nyuma ya vioo vyao na vyangu. Jua linampiga vizuri. Amevua viatu.

Jumamosi, 12 Julai
Kelele za koleo tangu asubuhi. Hebblethwaite anachimba bwawa la samaki! Samaki wa dhahabu kutoka Japani, kasema, kila mmoja pauni tisini. Shangazi huyo alikuwa na kiasi gani?
Nimeketi ukingoni mwa shimo langu, nikafikiri. Yeye anachimba. Mimi shimo tayari ninalo! Ndani ya nyumba, chini ya vioo, na mwanga. Vigae vya akiba kumi na tisa gereji. Mfuniko ninauhamisha pembeni, bomba linapinda kidogo, nani atajua? Bwawa la ndani. Yeye hana la ndani. Nyongeza ya mkopo 6,000 tu: kwa mwezi 407 badala ya 351. Hamsini na sita! Bei ya chai. Na nyumba itapanda kwa 20,000, bila wasiwasi.
Glenys bado yuko kwa jirani. Atafurahi. Septemba ya mwaka 2027 si mbali.
Ile barua ya benki nimeitoa kwenye fremu, ili mpya isikose mahali. Benki inafungua Jumatatu saa tatu.