Namba 98 Si Mwanangu

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya watu wazima na akili zao. Nawaandikia kutoka maabara ya kompyuta ya chuo, hata koti sijavua, kwa sababu nyumbani naogopa kwenda.

Mnamkumbuka Elia, mtoto wa dada Neema? Yule aliyekuja huku Minnesota akiwa mdogo, akilia kwa baridi? Sasa ana miaka kumi na minane na anacheza hoki ya barafuni. Wikiendi hii timu moja ya vijana imeita wachezaji wapya kule Blaine kwa mashindano madogo kabla ya msimu kuanza. Unacheza mechi tatu, makocha wanaandika kwenye karatasi zao, halafu wengine wanabaki, wengine wanarudi kwao.

Dada yuko zamu hospitali. Akanipigia asubuhi. "Nenda wewe, mdogo wangu. Asijione yatima kule. Namba yake nimeibandika kwenye friji."

Karatasi nikaikuta sakafuni. Nikaiokota. 98. Nikaitia mfukoni, nikawasha gari.

Ukumbi wenyewe ni jokofu lenye viti. Na wachezaji wamefunikwa toka utosini hadi vidoleni, usoni kimia cha chuma! Huwezi kujua nani wa nani. Baba mmoja aliyekaa karibu nami na kahawa yake akaniambia, "Usihangaike sana. Mechi za kabla ya msimu hazina maana."

Hazina maana! Wasichana, mnakumbuka mchujo wetu wa netiboli? Asubuhi moja tu, kwenye kile kiwanja cha vumbi nyuma ya bwalo, Mwalimu Kapinga na filimbi yake. Rehema, wewe ulidondosha mpira mmoja, ukaachwa, mchana ukala umetupa kisogo sote. Mimi nikapewa sketi ya kijani ya timu, nikalala nayo. (Sijapata kitu kilichonifurahisha vile tena, na shahada ya kwanza naihesabu.) Tulidhani dunia nzima inatutazama. Kumbe ni Mwalimu Kapinga na mbuzi wawili.

Basi nikasubiri. Namba 98, jezi ya bluu, akafunga bao. Nikapiga vigelegele! Ukumbi mzima ukageuka. Akafunga la pili. Nikapanda juu ya kiti. (Ndiyo, na umri huu.)

Lakini kulikuwa na jitu moja la timu nyeupe, halimwachi mwanangu apumue. Linamkaba, linamsukuma. Mwishowe likambamiza ukutani, hapo hapo mbele yangu. 98 chini!

Nikashuka mbio, nikagonga kioo kinachozunguka uwanja kwa ngumi zote mbili.

"We mhuni! Mwache mwanangu! Mama yako hakukufunza adabu?"

Kwa Kiswahili, ndiyo. Nilijua hanielewi mtu.

Lile jitu likasimama. Likanigeukia taratibu. Sasa, Elia anaelewa Kiswahili chote, ila siku zote hujibu kwa Kiingereza. Leo alijibu kwa Kiswahili.

"Ma'mdogo. Ni mimi."

Nikatazama namba kwenye mkono wa jezi yake. 86. Nikatoa karatasi mfukoni, nikaigeuza juu chini.

Jamani.

Namba 98 akainuka, akavua kofia kupangusa jasho. Nywele nyekundu kama moto. Mama yake akaja kunikumbatia, machozi yanamlenga: hakuna mtu aliyewahi kumshangilia mtoto wake hivyo. Nilimwambia anacheza vizuri.

Kocha amemchagua Elia abaki. Eti kijana anayezomewa vile na bado anakaba, huyo anamtaka. Njia nzima hadi nyumbani Oakdale Elia alicheka, lakini jezi aliipakata mapajani na mkono hakuuondoa juu yake. Nikaendesha polepole. Nilitamani barabara iwe ndefu kidogo.

Tatizo ni kwamba kabla hatujaondoka alikuwa ameshampigia mama yake kwa simu ya pale ukumbini. Akanipa mkono wa simu.

"Hongera kwa kwenda," akasema Neema. "Eti, mama yake hakumfunza nini?"

Somo la leo, wapenzi: kabla hujamtukania mtu mama yake, hakikisha si dada yako.